Mwandiko Wako Kwenye Dawa ya Ndengu

Kyuso,
12 Januari 2025

Kwa mwanangu Nzisa,

Huko kwenye joto la Mtito Andei unaendeleaje? Sisi hapa tu wazima, isipokuwa masikio yangu, ambayo sasa yamegoma kabisa. Jumapili mchungaji alihubiri saa nzima, nami nikaona tu mdomo ukifunguka na kufungika. Ndiyo maana simu hainifai tena, na hizo jumbe za herufi ndogo macho yangu hayazioni. Wewe andika kwa herufi kubwa jinsi nilivyokufundisha, umpe dereva wa basi la kuja Mwingi, na Mwangangi wa dukani atanifikishia. Nami nitafanya hivyo hivyo.

Mjukuu wangu Mutanu anakusalimu. Ameingia gredi ya tatu na bado ananyonya kidole akilala kando yangu. Mbuzi mwekundu amezaa mapacha. Ndengu zimekubali mwaka huu, wiki ijayo tunaanza kuvuna.

Sasa nije kwenye neno. Kanisani wananiuliza unafanya kazi gani. Jirani yangu Mbula ndiye amezidi. Kila tukikutana kisimani anapaza sauti mpaka nisikie: "Yule wetu wa kemia ameandikwa wapi?" Mimi hujifanya sijasikia, angalau uziwi umenisaidia hapo. Lakini naogopa, Nzisa. Huu ni mwaka wa tatu tangu uvae joho. Unaniandikia "nimepata mahali", na mahali si kazi. Niambie ukweli, mimi si mtu wa kanisani, mimi ni shangazi yako niliyekulea.

Wako,
Shangazi Syombua


Mtito Andei,
25 Januari 2025

Shangazi yangu mpendwa,

Barua yako imefika ikiwa na alama ya kikombe cha chai, nadhani dereva aliitumia kama meza. Mimi ni mzima. Joto ni lile lile, malori yananguruma usiku na mchana, na chumba changu kiko nyuma ya kituo cha petroli, kwa hivyo hata nguo zangu zinanukia dizeli. Mpe Mutanu salamu, umwambie kidole hakishibishi.

Umetaka ukweli. Niko kwa duka la pembejeo, la mzee mmoja anayeitwa Ngure, mtu wa Nyeri aliyehamia hapa kabla sijazaliwa. Tunauza mbegu, neti, magunia na dawa za mimea. Nafagia, napima, nafunga. Mzee si mtu mbaya, ni shemasi kanisani kwake na hajawahi kunipigia kelele. Ananiita Daktari. "Daktari, letea huyu mama magunia mawili." Wateja wanacheka, nami nacheka nao. Barua za kuomba kazi nimeandika mpaka nikachoka kuzihesabu. Wachache walionijibu walitaka uzoefu wa miaka mitano, na sijui ningeupatia wapi.

Lakini kuna jambo linalonikosesha usingizi. Kuna kitu tunauza ambacho mimi najua hakifai kuuzwa vile tunavyokiuza. Najua kwa sababu nilikisoma muhula mzima. Nilimwambia mzee angalau tuweke karatasi ya maagizo. Akanitazama kwa upole, akasema, "Daktari, ukitisha customer ataenda kwa jirani, na wewe utaenda nyumbani." Sitakuandikia ni kitu gani. Niambie tu nifanyeje.

Mtoto wako,
Nzisa


Kyuso,
5 Februari 2025

Nzisa mwanangu,

Tumevuna, Mungu ametukumbuka. Magunia saba ya ndengu! Mgongo unaniuma lakini moyo umetulia. Mwaka jana wezi walivunja ghala la Mbula wakamwachia ufagio, kwa hivyo mwaka huu kijiji kizima tunalala na ndengu. Zangu ziko chumbani, manne kando ya kitanda na matatu miguuni. Mutanu hupanda juu yake kuvua viatu kama mkuu wa wilaya.

Kufagia duka si dhambi. Nimewaambia kanisani uko kwenye kampuni ya kilimo, na si uongo, wewe uko kwenye kilimo.

Lakini hilo la pili limenitia hofu kuliko la kwanza. Umesahau shule ya Tulia? Shule ile ilikupa kazi ya kufundisha sayansi, nawe ukamsahihisha mwalimu mkuu mbele ya wazazi. Jumatatu ukaambiwa nafasi yako imejaa. Ulikuwa na haki, sikatai. Hiyo haki uliila na mboga gani jioni? Ulikaa miezi kumi na minne nyumbani kwangu ukitazama paa. Sitaki kukuona hivyo tena, nilikuwa naogopa kukuacha peke yako hata niende kuteka maji.

Mimi ndiye niliyesimama kanisani nikawaomba wakuchangie, nikasema mtoto huyu akisoma tutapumzika sote. Naogopa kufa kabla hawajaona kuwa nilisema kweli. Kwa hivyo nisikilize. Funga mdomo, fanya kazi. Usimfundishe mtu duka lake. Umeshasoma vya kutosha, sasa jifunze kunyamaza. Na hicho kitu usiniambie ni nini, sitaki kukijua.

Shangazi yako


Mtito Andei,
16 Februari 2025

Shangazi,

Hongera kwa magunia saba. Nimefurahi mpaka nikamwambia mzee Ngure, naye amesema nikupe pole ya mgongo.

Nimefuata neno lako. Nimenyamaza. Ni rahisi kuliko nilivyodhani, unafunga kitu, unampa mtu, unasema karibu tena.

Nimehamia chumba kidogo zaidi, na lile katoni la noti zangu za chuo halikupata pa kukaa, nikalileta dukani. Wiki jana magazeti ya kufungia yaliisha. Mzee akauliza, "Daktari, hizo karatasi zako zinangoja nini huko?" Nikaona ni kweli, hazingoji chochote. Sasa kila siku nararua kurasa na kufungia bidhaa. Miaka minne yangu imepata ajira kabla yangu mimi. Nilicheka sana, halafu nikaenda nyuma ya duka nikalia kidogo.

Jambo moja, na usiniulize sababu. Ndengu zilizo chumbani usizitie dawa yoyote. Tumia jivu kama zamani. Kama ni dawa za wachuuzi wa sokoni, hata usizishike.

Nzisa


Kyuso,
3 Machi 2025

Nzisa, mtoto wangu mwerevu,

Salamu nitazifupisha leo kwa sababu nina habari njema!

Jivu lako lilinishinda. Wadudu wameingia gunia la pili, ukiinamisha sikio (wenye masikio) unawasikia wakitafuna. Leo nilienda soko la Kyuso. Kuna mchuuzi wa pikipiki anayeuza vidonge vya ndengu, vya kijivu, viwili viwili kwenye karatasi. Nilikumbuka onyo lako nikapita. Halafu nikaona karatasi. Nzisa, ule mwandiko! Ile "k" yenye mkia niliyokupiga kwa ajili yake darasa la pili, hujaiacha mpaka leo. Maneno ya Kiingereza ya sayansi, na alama ya mwalimu kwa kalamu nyekundu. Nikamuuliza, "Hii dawa inatoka wapi?" Akanipigia kelele sikioni, "Inatoka mbali mama, barabara ya Mombasa!"

Basi nikaelewa. Ulinikataza dawa za wachuuzi, na hii si ya mchuuzi, hii ni yako. Ulikuwa unaona haya kusema unatengeneza dawa. Nilimwita Mbula pale pale: "Njoo uone kazi ya Nzisa wetu!" Mbula akashika karatasi kama cheti, akasema leo ameiona digrii kwa macho. Naye akanunua, za magunia yake yote sita.

Nimeshatia vidonge viwili kila gunia. Mchuuzi alisema tufunge dirisha na mlango vizuri ili dawa isitoke, na nimeziba hata ule ufa wa chini kwa shuka kuukuu. Nakuandikia nikiwa nimekaa kitandani, Mutanu yuko kando yangu. Kuna harufu kama ya kitunguu saumu, si mbaya. Kichwa kinanigonga kidogo, nadhani ni jua la sokoni.

Nimejivuna leo, mwanangu. Kesho asubuhi Mwangangi atapeleka barua hii Mwingi.

Shangazi yako mwenye furaha


Mtito Andei,
7 Machi 2025, saa nne asubuhi

Shangazi, TOKENI CHUMBANI.

Toka na Mutanu sasa hivi kabla hujamaliza kusoma. Mwangangi, kama ni wewe umefungua barua hii, kimbia kwa Shangazi, fungua mlango na dirisha, usiingie mpaka upepo upite, kisha funga kitambaa mdomoni mtoe magunia nje mbali na nyumba. Msimwage maji juu ya vidonge. Maji yanavichochea zaidi. Nenda kwa Mbula ufanye hivyo hivyo. Mtu yeyote anayetapika, anayeumwa kichwa au kubanwa kifua apelekwe hospitali, na daktari aambiwe ni gesi ya vidonge vya nafaka. Asiambiwe malaria.

Ile harufu ya kitunguu saumu ndiyo gesi yenyewe. Vidonge vile vikikutana na unyevu wa hewa vinatoa gesi inayoua wadudu, panya na watu. Ni vya maghala makubwa ambayo hakuna mtu analala ndani. Vinakuja kwenye mkebe wenye picha ya fuvu na maagizo ya kurasa mbili. Sisi tunaufungua mkebe na kuuza viwili viwili, hata kwa wachuuzi wa masoko ya mbali.

Barua yako imefika saa hii. Umeiandika tarehe tatu. Ni siku nne, Shangazi. Nimempigia Mwangangi mara kumi na moja, mteja hapatikani. Nimempigia mchungaji, simu imezimwa. Gedion, dereva wa lori la saruji, anaondoka sasa kwenda Mwingi na ameahidi kumtafuta mtu wa pikipiki alete hii mpaka Kyuso jioni.

Gedion ameniambia, "Si upande tu, twende." Nimeweka mguu kwenye ngazi ya lori na ukakataa kupanda. Naogopa kufika nikute watu wamekaa uani kimya na viti vya kanisa vimepangwa. Naogopa Mutanu. Mikono yangu inanukia ile dawa hata nikiosha.

Niandikie hata neno moja tu. Hata alama.

Nzisa


Kyuso,
17 Machi 2025

Nzisa,

Sisi tuko hai. Nimeanza na hilo kwa sababu najua unalingoja.

Siku ile, kabla sijazima taa, Mutanu alianza kutapika. Nilidhani ni maharagwe. Nikamtoa tukaenda kujilaza jikoni karibu na moto, kwa kuwa maji yako huko. Kutapika kwake ndiko kulikotuokoa. Asubuhi paka alikuwa amekufa chini ya kitanda, nikasema amekula panya mwenye sumu. Kifua kilikuwa kimenibana na Mutanu hawezi kusimama, Mwangangi akatupeleka hospitali ya Mwingi kwa gari la kukodi, na barua yangu akampa dereva wa basi huko. Mutanu alilazwa siku kumi na moja. Sasa anakula uji, lakini hasemi sana, na hataki kuingia chumbani.

Barua yako ililetwa jioni ya tarehe saba, nikiwa nimerudi nyumbani kuchukua nguo za Mutanu. Mwangangi aliifuata yote, magunia yako nje. Alipofika kwa Mbula alikuta mlango umefungwa kwa ndani. Mume wake Mulei alikuwa amepeleka ng'ombe malishoni Tseikuru. Wakavunja mlango. Mbula alikuwa kitandani, na alikuwa amekufa siku kadhaa. Watu walidhani yuko kwa dada yake. Tumemzika Jumamosi.

Mimi ndiye niliyemwita aone ile karatasi. Nakula, nakumbuka. Nasali, nakumbuka.

Watu wanasema mengi. Wengine wanasema alirogwa, wengine wanamtazama Mulei vibaya. Mwangangi anajua ni dawa, amemwambia chifu, lakini hakumwonyesha barua yako kwa sababu nilimwomba. Yule mchuuzi hajaonekana tena, na hakuna anayejua dawa inatoka duka gani.

Nilikwenda na akina mama kuosha chumba cha Mbula. Dirishani kulikuwa na karatasi yako, imekunjwa vizuri. Hakuitupa, Nzisa, aliihifadhi. Ina alama sabini na nane kwa kalamu nyekundu. Hakuna aliyeitilia maanani, kwao ni takataka. Nikaichukua nikaificha ndani ya Biblia yangu. Tangu siku hiyo siwezi kuifungua Biblia.

Ungepanda lile lori. Nilikutafuta kwa macho, nikaona kijana wa pikipiki na bahasha.

Nina swali moja, ujibu kwa herufi kubwa nisome bila miwani. Ulipokuwa unavifunga, ulijua?

Syombua


Mtito Andei,
27 Machi 2025

Shangazi,

Nashukuru kwa ajili yako na Mutanu. Nimeisoma ile mistari ya kwanza mpaka karatasi imelegea.

NILIJUA.

Nilijua siku ya kwanza mzee alipofungua mkebe. Ningeweza kukuchorea vile gesi inavyotoka. Nilipokuandikia utumie jivu nilijua, na sikukuambia sababu kwa kuwa ukijua wewe ingebidi wajue wengine, na kazi ingeisha. Nilikuokoa wewe peke yako, tena vibaya. Wengine wote wa soko la Kyuso sikuwahesabu kuwa watu. Ulisema ninyamaze, lakini siwezi kukutupia wewe. Ulisema hutaki kujua ni kitu gani. Mimi nilikuwa najua.

Nilimwambia mzee Ngure kuna mama amekufa. Alikaa kwenye kiti, akavua kofia, akaomba. Kweli aliomba, machozi yakamtoka. Kisha akasema, "Daktari, mimi siui mtu. Mimi nauza dawa, mtu anaitumia vibaya." Jumatatu aliniambia nifungue mkebe mpya. Nikakataa. Hakunifukuza kwa hasira, alisema tu nipumzike.

Siku hiyo hiyo alichukua msichana mwingine, Yvonne. Shangazi, Yvonne ana digrii ya takwimu. Alikuwa anafua shuka kwa loji hapa karibu. Nilimngoja nje nikamweleza yote, gesi, Mbula, yote. Alinisikiliza vizuri, akasema, "Siste, nimekuskia. Lakini nimetafuta job miaka mitatu. Hii nikiacha, kesho utanipea gani?" Anafungia kwa gazeti, kwa sababu katoni langu nimelichukua.

Sasa nina hofu ambayo sijawahi kuwa nayo. Pikipiki ikisimama nje nadhani ni polisi. Nikienda kusema, wa kwanza kuulizwa ni mimi niliyefunga. Nitakuwa yule wa kemia aliyeua mtu, na hakuna atakayeniajiri tena hata kufagia. Nakuomba kitu kimoja na sitakuomba kingine. Ile karatasi iliyo kwenye Biblia, ichome.

Nzisa


Kyuso,
4 Aprili 2025

Nzisa mwanangu,

Mvua imeanza kunyesha. Jana nilimwona Mutanu akiimba huku anaosha vyombo, mstari mmoja tu. Mapacha wa mbuzi mwekundu wanakua.

Nimesoma neno lako kubwa bila miwani. Umejibu, na mimi lazima nijibu. Nilifundisha watoto miaka thelathini na moja, na kila mwaka niliwaambia waongee kwa sauti darasani. Wewe nilikuambia ufunge mdomo, kwa sababu niliogopa utarudi kutazama paa. Nilitaka mshahara wako kuliko nilivyotaka ulichosoma. Hilo nimelikiri mbele ya Mungu, na juzi nimelikiri mbele ya Mulei.

Jumapili nilisimama kanisani nikasoma yale maagizo ya barua yako ya tarehe saba, yote, kwa Kikamba, mara mbili. Nyumba tisa zilikuwa na vile vidonge, Nzisa. Nyumba tisa zimetoa magunia nje mchana huo huo. Mama mmoja alikuwa ameviweka chini ya kitanda cha mtoto mchanga, na bado vilikuwa vimefungwa, alikuwa anangoja mwisho wa mwezi. Uliniandikia hujui ule uzoefu wa miaka mitano ungeupatia wapi. Sijui. Najua tu yule mtoto yuko hai kwa ulichojua.

Lakini duka bado liko wazi, na huyo Yvonne bado anafunga. Chifu ameniambia atapeleka jambo hili mbele akipata mtu anayejua dawa inakotoka na aliyeuona mkebe. Mtu huyo ni mmoja tu.

Karatasi sikuichoma. Nimeitoa kwenye Biblia nikampelekea Mulei. Nilimwambia mwandiko ni wa nani, na ni nani aliyemwita mke wake aje auone. Hakunitukana. Aliniuliza tu sikioni, "Yeye mwenyewe anakuja lini?"

Nimemwambia Jumapili ya tarehe kumi na tatu, baada ya ibada. Tutakuwa uani kwake, yeye, chifu na mimi. Nitakaa kando yako, ingawa sitasikia utakachosema. Naogopa kama wewe, usidhani mimi siogopi.

Gedion anapita hapo Ijumaa. Safari hii usimpe bahasha. Panda.

Shangazi yako